Kituo Kilichojengwa kwa Jina la Mama Yako

Mchafukoge, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya ibada

Badria shoga yangu,

Asalaam aleikum, na tafadhali uniitikie sasa hivi kabla hujasoma zaidi, maana ukifika chini huenda usitake kuniitikia chochote. U hali gani huko Kilwa? Shemeji Anuari hajambo? Mgongo wake umepoa, au bado anausingizia kila ukimwomba apande kuziba bati la jikoni? Na Sitara je? Nasikia ameanza shule na anawatambia wenzake kuwa yeye ni mtu wa Kariakoo, wakati Kariakoo yenyewe kaiona mara mbili tu, tena amebebwa mgongoni. Mwache atambe, damu nzito kuliko maji.

Sisi huku tu wazima. Lifti ya ghorofa letu imekufa tangu mwezi wa Ramadhani na tajiri mwenye jengo hapokei simu, kwa hiyo napanda ngazi mpaka ghorofa ya nne na ndoo za maji, magoti yanalia. Mdogo wangu Elibariki na mkewe Blandina wanakusalimu. Tangu fremu yake ya kuuzia vifaa vya simu ifungwe wako hapa kwangu na watoto wao watatu, vyumba ni vile vile viwili, na asubuhi tunapigana vikumbo mlangoni mwa choo kama watu wa stendi.

Najua unajiuliza kwa nini nakuandikia barua ya karatasi kama tuko enzi za baba yangu, mzee Heriel, alipokuwa akiagiza sufuria kwa barua. Simu ninayo na vocha ninayo. Nimekupigia mara nne wiki hii. Kila ukipokea naanza kucheka, nakutania, nakuuliza bei ya pweza, halafu nakata. Mdomo wangu umeshazoea kudanganya, Badria. Mkono angalau unaona haya. Barua hii kesho alfajiri nampa kondakta wa basi la Kilwa, nimemwomba akukabidhi wewe mwenyewe mkononi.

Inabidi ikufikie kabla hujasafiri. Ulinitumia ujumbe wa sauti kwamba Alhamisi utakuwa hapa mjini, kwamba unaenda moja kwa moja ofisi ya manispaa kumkamata yule afisa maendeleo, Filbert, mbele za watu, akueleze alitaka apewe nini ndipo asimkate mama yako kwenye orodha ya kazi. Ukanishukuru kwa jinsi nilivyompigania mama yako, Bi Kijakazi. Ukasema mimi ni ndugu kuliko ndugu. Ujumbe ule nimeusikiliza mara nyingi kuliko nyimbo za kanisani, na kila nikiusikiliza natamani ardhi ipasuke inimeze.

Ngoja nianzie mwanzo, hata kama mengine unayajua. Wajomba zako walipouza nyumba yenu, ile tuliyokulia wote, ninyi vyumba vya mbele na sisi wapangaji vyumba vya uani, likasimama ghorofa la madirisha ya vioo. Sisi wapangaji tukapanga humo humo. Binti wa mwenye nyumba, yaani mama yako, akahamia chumba kimoja Buguruni. Lakini hakuuhama mtaa. Kila siku baada ya swala ya alfajiri yuko pale pale pembeni ya jengo na karai lake la maandazi, na magharibi ndiyo anaondoka.

Wale wanawake wanaopanga bidhaa chini walikuwa wakilaza watoto ndani ya maboksi ya viatu, chini ya meza, jua na vumbi vyote vyao. Mama yako akatandika mkeka. Walianza wawili, wakawa watano, mwaka jana niliwahesabu tisa. Hakuna aliyemtuma. Alijua nani ananyonya saa ngapi, na saa ikifika alimwita mama wa mtoto kwa sauti mpaka wapagazi wakawa wanapisha njia. Wenyewe walimpa walichojaliwa.

Basi serikali ikatangaza ruzuku kwa mitaa itakayojenga huduma ya jamii yenye kutoa ajira. Mzee Abdulmajid, mwenyekiti wetu, akaitisha mkutano. Vijana wakataka banda la bodaboda. Mimi nikasimama, na hilo ni la kweli, sikudanganyi, nikasema tujenge kituo cha kulelea watoto wa sokoni, na nikamtolea mfano mama yako. Wakapiga makofi. Wakanichagua katibu wa kamati ya watu watano. Andiko la kuomba nililiandika mimi, kurasa tatu nzima ni habari za Bi Kijakazi, na picha yake niliipiga mwenyewe, amekaa mkekani, mtoto mmoja kamlalia pajani na mwingine anamvuta ushungi. Mitaa mingi iliomba. Sisi tukapata.

Ungeuona mtaa siku zile! Kwenye kiwanja cha ofisi ya mtaa pakapanda kuta, pakaja bati la bluu, vyoo vidogo vya watoto, jiko. Ajira zilikuwa kumi na mbili: walezi saba, wapishi wawili, wasafishaji wawili na mlinzi mmoja. Mtaa mzima ulijua mlezi wa kwanza ni nani. Mama yako mwenyewe alikwishashona magauni mawili ya kazini, akanionyesha, akasema sasa ataustaafisha moshi.

Jina lake halikutoka. Nilimfuata pale kwenye karai, nikamwambia manispaa wamelikata kwa sababu analala Buguruni, eti Filbert amekazia kuwa ni wakazi wa mtaa tu. Na wewe nikakupigia nikakwambia hivyo hivyo, tena nikalia. Mama yako akanibembeleza mimi, akasema serikali ina mambo yake na riziki haina mwenyewe. Akaendelea kugeuza maandazi.

Siku ya ufunguzi tulimwagiza yeye maandazi ya wageni. Alikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni, ndani ya moshi wake. Filbert alikuja na andiko letu mkononi, kijana mpole tu mwenye haya, akaiona ile picha, akaniuliza huyu bibi wa watoto yuko wapi angependa kumsalimu. Nikamjibu amehama. Akasikitika kidogo, akakata utepe, tukapiga makofi. Badria, nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka, ili nisigeuke nyuma.

Sasa nisikilize. Filbert hakumkata mama yako. Hajawahi kuliona jina lake kwenye orodha yoyote. Majina yaliishia kwenye kamati, na mwongozo wa serikali unasema kamati ndiyo ya mwisho.

Unajua mambo yetu ya mtaani. Karatasi ya serikali haisomi mtu ila katibu. Kila mmoja anatoa miwani, anaifuta, anairudisha mfukoni, halafu wanasema kwa pamoja, katibu tusomee. Sio kwamba hawajui kusoma, Mzee Abdulmajid anasoma gazeti zima mpaka matangazo ya minada. Ni heshima tu, ukishampa mtu kalamu umempa na macho yako. Siku ile wakanipa mwongozo niwasomee sifa za waajiriwa. Nikasoma kwamba mwajiriwa awe mkazi wa mtaa. Mstari unaofuata ulisema, au awe amefanya shughuli zake za kila siku ndani ya mtaa huo kwa miaka mitano au zaidi. Niliuona. Niliuona vizuri kama ninavyoiona karatasi hii. Nikafunua ukurasa.

Mzee Abdulmajid akajikuna ndevu, akaniuliza kama hapo ndipo palipoishia. Nikasema ndipo. Akasema jamani, mtu ambaye kitovu chake kimezikwa hapa, leo awe mgeni? Akataka kumwandika kuwa anaishi nyumbani kwake yeye mwenyekiti. Wote walikuwa tayari. Mimi ndiye niliyesema taratibu ni taratibu, tukidanganya ruzuku itarudishwa. Wakaogopa. Mimi mdanganyifu niliwatisha wakweli kwa udanganyifu. Aliyekuwa wa nane kwenye orodha ya walezi akapanda akawa wa saba, na huyo wa nane ni Blandina, wifi yangu.

Ungekuwa hapa ungeniuliza kama tulikuwa tunalala njaa. Hapana. Tulikuwa tunakula. Nilichoka tu kuruka miguu ya watu usiku nikienda kunywa maji. Niliwaza kwamba Blandina akipata kazi watapanga chumba chao na mimi nitapata kitanda changu. Basi, hilo ndilo nililomuuzia mama yako. Nilijiambia Bi Kijakazi anapendwa, hatakosa, ila Blandina hana anayemjua hapa mjini zaidi yetu. Ulizoea kunitania kwamba sisi Wachaga tukiona upenyo tunaweka duka. Tulicheka sana. Siwezi kucheka tena.

Na baya zaidi ni kwamba kituo kinafanya kazi. Watoto wote tisa wamehamia huko, wana uji na magodoro. Kile kidogo mama zao walichokuwa wakimpa mama yako kimekwisha, na mkeka hautandiki tena. Chumba chenyewe Elibariki hajapanga mpaka leo, bado wako hapa.

Nimefanya haya, uyajue yote. Ijumaa nilimwendea Mzee Abdulmajid nikamweleza. Hakufoka. Aliniomba ule mwongozo, akavaa miwani, akasoma kila ukurasa mbele yangu nikiwa nimesimama. Ameitisha mkutano wa mtaa Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, na nimeahidi kuusoma ule mstari kwa sauti mbele ya watu wote, kisha nikabidhi mhuri na daftari. Filbert nimemwandikia barua yake. Blandina nimemwambia leo asubuhi, naye hakuwa anajua lolote. Amevua sare, ameikunja, ameiweka mezani. Elibariki ndiye anayesema, na maneno yake sitayaandika. Nafasi ya mama yako iko wazi. Kama ataitaka, hilo sijui.

Limebaki moja. Jana nilikwenda Buguruni. Sikutaka uyasikie wewe kabla yake. Nilimkuta anachambua mchele mlangoni, nikapiga magoti, nikamsimulia kama nilivyokusimulia wewe. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu, kama mstari huo ulikuwa mrefu. Nikamwambia haukuwa mrefu, ni mstari mmoja na nusu. Akatikisa kichwa, akamaliza mchele wake.

Nilitaka anitukane, Badria. Nilitaka anipige na ungo, kama siku ile tulipomwaga maji ya futari tukapigwa wote wawili bila kuulizwa nani wa kwake na nani wa mpangaji. Aliinuka, akajifunga kanga, akanisindikiza mpaka barabarani. Mimi, ambaye nyumbani kwake niliingia na kutoka miaka yote bila hodi, jana nilisindikizwa kama mgeni. Tangu nizaliwe hajawahi kuniita ila mwanangu. Pale barabarani alinipa mkono, akasema, ahsante kwa kufika, Katibu.

Basi usiende kwa Filbert. Njoo Jumamosi, ukae mbele, karibu na mama yako. Sikuombi unisamehe na sikuombi unisalimie. Nakuomba tu uwepo, ili nitakapofika kwenye ule mstari asiwe amekaa peke yake.

Nisalimie shemeji Anuari, na Sitara umbusu mashavu yote mawili. Umwambie anayemsalimu ni mtu aliyekulia nyumba moja na mama yake. Hilo bado ni kweli hata nikikosa mengine yote.

Mungu awalinde njiani.

Joyceline Heriel