Jina la Salumu kwenye Seva

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku Johannesburg. Goti lako linaendeleaje? Na maji ya mto Mulongwe, yameacha kuingia uani? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mbovu. Zaituni, mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama barua hii, funga mlango kwanza.

Mama, unamjua Salumu wa Kilibula, yule aliyenileta huku, akanilaza kwake mwaka mzima, akanifundisha kazi. Ofisini tuna programu inayotunza majina ya wafanyakazi, nani aingie na nani azuiwe. Seva, yaani ile mashine kuu ya zamani inayoendesha ghala lote, haimpokei mtu mpaka iiulize programu hiyo. Na kila inapouliza, lazima ibishe hodi kwa jina la mtu na neno lake la siri. Salumu aliweka jina lake mwenyewe, makusudi, kama wafanyabiashara wetu wanavyobaki na ufunguo mmoja wa duka hata wakishaajiri mtu. Aliniambia tukila ugali: "Bakinifukuza, mashini itanyamaza. Bataniita mbio. Usiambie muntu, mudogo yangu."

Wakamfukuza kweli, kwa kuwa alijibizana na shefu, mkubwa wetu wa kazi. Mimi ndiye niliyeamriwa kufuta jina lake, nikalifuta. Asubuhi yake seva ikakataa watu wote na malori yakapanga foleni getini. Shefu akasema atakayeirudisha atapewa kiti cha Salumu.

Siku mbili nilijifanya natafuta. Nilikagua nyaya, nikazima hiki na kuwasha kile, ili wachoke wamwite mwenyewe. Naye alikuwa akipiga simu kila saa: "Balishaniita?" Namjibu, "Ngojea, kaka." Kibali chake cha kuishi huku kilikuwa kinakwenda na kazi, na kilikuwa kinaisha Ijumaa.

Siku ya tatu niliweka jina langu pale palipokuwa na jina lake. Haikuchukua hata dakika tano. Watu walinipigia makofi, na sikudanganyi, Mama, nilifurahi sana. Jioni Salumu akapiga tena. Nikamwambia mashine bado imekufa, asitafute kazi nyingine, angoje tu. Akangoja mpaka kibali kikaisha, ikabidi afungashe arudi huko nyumbani.

Sasa nakaa kwenye kiti chake. Kikulacho ki nguoni mwako, na aliyekuwa nguoni mwa Salumu ni mimi. Aibu ninayo, lakini kiti sirudishi.

Nisalimie shangazi anayeuza samaki wadogo wa ndagala sokoni, na baba mdogo wa Luberizi, mpunga wake uive salama. Mke wa Salumu msalimie pia, ila usimwambie neno.

Salumu mwenyewe atafika huko wiki ijayo. Nimempa kitenge chako akuletee. Atakueleza jinsi nilivyompigania hadi mwisho, halafu atainua mikono akuombee dua kwa kuzaa mtoto kama mimi. Mpe chakula, Mama, na uitikie amina.

Mwanao,
Amisi