Wimbo wa Yosefu Alioanzisha Belinda

Kwa Bi Muhsina,
Qurum, Muscat,
Oman.
12 Mei 2003

Mpendwa kaka Desderius,

Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini barua hii itakukuta unapumua vizuri, na kile kifua kilichokusumbua mwaka jana kimekuacha. Wifi hajambo? Watoto je? Mvua za masika zimetosha, au bado mnatazama juu? Mimi mwili ni mzima kabisa. Moyo ndio uliougua, na nitakueleza, maana hapa sina wa kumwambia.

Unajua Mtakatifu Yosefu ana siku mbili, ya Machi kama mume wa Maria na ya Mei mosi kama mfanyakazi. Majira mazuri ya Muscat yanaishia hapo kati ya Yosefu na Yosefu. Machi dirisha la jikoni naliacha wazi, na kando ya barabara kuna maua ya zambarau na mekundu yaliyopandwa na manispaa. Ikifika Mei maua yameungua, watu wa manispaa wanayang'oa, na kiyoyozi hakizimwi tena. Yosefu wa kwanza anatukuta kanisani tumejifunika shali. Wa pili anatukuta tunajipepea kwa vitabu vya nyimbo.

Pasaka ilikuwa njema. Kanisa letu la Ghala, kule kwenye magereji, lilijaa mpaka uani. Wagoa, Wakerala, Wafilipino, Walebanoni, kila watu na upande wao. Sisi Waafrika tunakaa benchi moja na nusu karibu na mlango wa pembeni. Niliikumbuka Jumapili ya Matawi ya kwetu, watoto wanavyopigana kwa matawi mpaka katekista anachukia.

Sasa nije kwenye ugonjwa wangu.

Sikukuu ya Yosefu Mfanyakazi huku tunaifanya Ijumaa, kwa sababu ndiyo siku tunayopewa ruhusa. Wakati wa matoleo kila jamii inaimba wimbo mmoja kwa lugha yake. Wa Kiswahili ni ule uliotunga wewe kwa ajili ya kigango chetu, na tangu nimefika huku anayeuanzisha ni mimi. Mwanzoni tulikuwa wawili tu, mimi na Raymond, fundi magari kutoka Voi ambaye ndiye mwalimu wetu wa kwaya. Watu walitugeukia kuona sauti inatoka wapi. Kaka, kwa juma zima mimi ni mtu wa kuitwa jikoni. Siku hiyo moja nilikuwa mtu wa kusikilizwa.

Mwezi wa Desemba akaja Belinda. Ni binti wa Ifakara, analea watoto wa familia moja kule Mabela. Mwembamba, mpole, hata salamu yake huisikii vizuri. Lakini akifungua mdomo kuimba, hata mimi nilisahau kugeuza ukurasa. Nilimsifu. Nilimsifu kwa mdomo.

Baada ya mazoezi ya Pasaka, Raymond aliniita pembeni akaniambia, "Stefania, mwaka huu Belinda aanzishe. Wewe tushikie sauti ya pili, ndiyo inayolegea."

Nikajibu sawa. Nikarudi nyumbani nikiinunia hiyo sawa njia nzima. Wimbo wa kaka yangu, niliouleta mimi, aanzishe mtu aliyekuja juzi! Kwaresima yote nilikuwa nimeacha sukari kwenye chai, nikajiona mtu wa sala. Sasa nikawa nalala na Belinda na kuamka na Belinda. Viatu vyake viliniudhi. Upole wake uliniudhi zaidi, kwa sababu haukunipa sababu ya kugombana naye. Nikipiga magoti kusali, namwomba Mungu ampe mafua, halafu naona haya, namwomba ampe madogo tu.

Bi Muhsina, mama mwenye nyumba hii, alizaliwa Unguja, na Kiswahili chake ni kile cha kwao. Siku moja alisimama mlangoni pa jikoni akaniuliza, "Nnakusikia tangu asubuhi wapiga masufuria. Nani kakuudhi?" Nikasema hakuna. Akasema kama hakuna, basi masufuria yake hayana kosa, niyaweke taratibu. Halafu akavuta kiti, akanisimulia arusi ya mdogo wake mpaka nikacheka bila kutaka.

Ikafika Ijumaa yenyewe. Belinda alivaa gauni la kitenge, akasimama mbele. Akaanza. Kaka, nitasema kweli ingawa inaniuma: hata siku moja sikuwahi kuuimba hivyo. Pale unapomtaja Yosefu akiwa na randa mkononi, alishusha sauti kama anayemwimbia mtu aliyelala, na Wakerala waliacha kujipepea. Mimi nikashika sauti ya pili kama nilivyoagizwa. Niliishika sawasawa, na moyoni nilikuwa nawaka.

Baada ya misa tulikaa kwenye kivuli cha ukuta tukingoja gari. Watu walikuja kumpa mkono Belinda, hata mama mmoja wa Kigoa akambusu. Walipoondoka nikataka kumwambia neno, nalo halikuwa jema. Yeye akanitangulia.

"Dada Stefania, mimi nakuonea wivu."

Nilidhani ananicheka. Nikamuuliza wivu wa nini.

"Wewe juma zima una mtu wa kuzungumza naye. Kule kwangu hawajui Kiswahili na mimi Kiarabu ni njoo na nenda. Nikishuka kwenye gari Ijumaa jioni, nanyamaza mpaka Ijumaa nyingine. Naimba nikiwa naosha bafu, ili nisisahau sauti yangu."

Lile neno nililokuwa nimeliandaa nililimeza, na gari likaja.

Jumamosi nilimweleza Bi Muhsina. Sikumwambia habari ya wimbo, nilimwambia tu kuna binti Mabela hana wa kusema naye. Hakuuliza mengi. Alipata namba kwangu, akapiga simu, akazungumza kwa Kiarabu muda mrefu na mama mwenye nyumba anayofanya kazi Belinda, mpaka wakagundua wana jamaa wa pamoja Nizwa. Kisha akaomba apewe Belinda. Sasa anampigia karibu kila siku baada ya alasiri, mimi nikiwa napanga vikombe.

Jana nilimsikia akimsimulia ile arusi ya mdogo wake, na walipofika mahali pa kuchekesha Bi Muhsina akacheka kuliko alivyocheka na mimi. Kaka, nilikipiga kikombe mezani. Halafu nikakichukua tena, nikakiweka taratibu.

Niombee. Msalimie wifi, shangazi Adelina, na wanakwaya wote, hasa wanaoimba sauti ya pili. Waambie si kazi ndogo. Yosefu mlinzi wa nyumba ailinde nyumba yako na kifua chako.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye bila kupungua,

Stefania