Maji Yalitoka Saa Ngapi

Songo, Jumatano 16 Oktoba 2002, asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Yambo Mama. Habari ya Rugenge, habari ya maternite na wale unaowazalisha, na ule mguu wako wa kuvimba unaendeleaje? Sisi huku tungali wazima, Mungu aksanti, ila hatutoki. Leo siku ya nne hakuna mtu anavuka bariera ya askari darajani, kati yetu na ninyi. Bwana yangu Osée iko darini, juu ya plafo, tangu Jumapili, sababu wanaume wanakamatwa wabebe masanduku ya risasi. Tunampandishia fufu kwa kamba. Akikohoa, mama mukwe Élisabeth anaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa nguvu ili majirani wasisikie. Ungecheka, Mama, kama ungekuwa mbali na hapa.

Lakini sikuandika ili tucheke. Leo saa kumi na mbili asubuhi maji yametoka. Yameshuka mpaka kwenye visigino, na yanaendelea kidogo kidogo. Uchungu hakuna. Nasikilizia, nasikilizia, tumbo limenyamaza tu. Mama mukwe anasema nilale, mtoto atakuja akitaka. Nami nalala nikiangalia plafo, na Osée huko juu ananiangalia kupitia tundu. Wote wawili hatujui la kufanya.

Barua hii iko ndani ya bidoni ya kuchotea maji, ile ya jirani yetu Libérate. Askari wanaacha wanawake wa pande zote mbili wateremke ziwani asubuhi na saa kumi jioni, ila kuongea ni marufuku. Bidoni zote ni za manjano, hawawezi kujua ipi ya nani. Nijibu kwa njia hiyo hiyo.

Ni mimi mtoto wako,
Laure


Rugenge, Jumatano 16 Oktoba, mchana

Mtoto wangu Laure,

Salamu nyingi kwako, kwa mama mukwe wako na kwa yule aliye juu. Mguu wangu bado ni mguu, achana nao. Huyo Libérate alinisukumia bidoni yake bila kuniangalia akachukua yangu, nikadhani ni mwizi, nusura nimpige. Kumbe barua.

Sasa nisikilize vizuri. Maji kutangulia uchungu si ajabu. Nimewaona wengi. Wengi wao uchungu unaanza wenyewe kabla mchana na usiku mmoja haujaisha. Ila tangu maji yatoke, mlango uko wazi, na uchafu unaweza kupanda kwa mtoto. Kwa hiyo weka kitambaa safi kilichochemshwa na kuanikwa juani, nje tu, usikisokomeze ndani. Kila ukibadilisha, angalia. Maji meupe au yenye damu kidogo sana, sawa. Yakiwa ya kijani au yakinuka, au damu ikitoka nyingi, hapo hatungoji tena. Mtoto anacheza? Akipunguza kucheza, niambie. Mwili ukipata joto au ukitetemeka, niambie.

Muntu asiingize mkono. Hata mama mukwe, hata kama amezalisha kijiji kizima. Minye mwenyewe, ungekuwa mbele yangu, nisingeingiza kidole bure. Usikalie beseni la majani, Laure, nawajua hao mama wa Songo na mabeseni yao! Kunywa maji, kula, oga kwa kujimwagia. Na Mungu apishe mbali, ukiona kitu kama kamba kimetoka mbele ya mtoto, piga magoti, kifua chini, matako juu, usinyanyuke, waite watu wapige kelele mpaka askari wasikie.

Umesema saa kumi na mbili asubuhi. Basi nahesabu kutoka hapo. Kesho alfajiri itakuwa mchana na usiku, na kama uchungu bado, lazima nikupige sindano, bariera au si bariera. Leo bado tuna nafasi. Andika saa zako vizuri.

Mama yako,
Félicité


Songo, Alhamisi 17 Oktoba, alfajiri

Mama,

Salamu. Natumaini umeamka salama. Mimi sijalala.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika pale pa kuhesabu nafunga macho. Mama, nilidanganya. Maji hayakutoka jana. Yalitoka Jumanne, saa sita mchana, nikitwanga majani ya sombe. Nilidhani nimejikojolea. Nilipata haya, nikapanguza chini kwa kikwembe cha kujifunga na nikaendelea kutwanga. Mpaka giza yalikuwa bado yanatoka, ndipo nikamwambia mama mukwe. Akaniletea beseni la majani ya moto, nikalikalia. Nililikalia Mama, kabla hujanikataza. Mkono hakuingiza, hilo nakuapia.

Unajua kwa nini nilidanganya? Nilikuogopa. Nimekulia nyuma ya ukuta wa maternite. Kila mama aliyechelewa nilisikia ukimuuliza: «Ulikuwa wapi? Ulikuwa unangoja padri akulete?» Nilikuwa nacheza kamba pale nje nikajisemea, mimi siku yangu nitawahi. Sasa siku yangu imefika na nimechelewa kuliko wote. Kalamu ilikataa kuandika Jumanne.

Tangu usiku mwili iko na joto, na meno yanagongana. Maji si ya kijani, ila harufu imebadilika. Mtoto anacheza, lakini kwa uvivu. Uchungu bado. Osée anataka kushuka anipeleke kwa mgongo wake, mama mukwe ameondoa ngazi. Anajua watamuua barabarani. Niko kati ya ukuta na ukuta, Mama. Nisamehe halafu unitukane, au unitukane kwanza, kama unavyotaka, ila nijibu.

Laure wako


Pwani, Alhamisi, saa moja asubuhi

Laure,

Salamu sina nafasi. Naandika juu ya kipande cha karatasi kwa penseli ya Amandine, nimechuchumaa nyuma ya mawe nikijifanya nasugua bidoni. Libérate ananingoja, anajaza na kumwaga, anajaza na kumwaga, askari watamshangaa.

Jumanne saa sita! Ni saa arobaini na tatu, mwanangu. Jana dawa ilikuwa ndani ya kabati yangu. Ningeitia kwenye ile bidoni pamoja na barua, na ungekuwa umeimeza tangu jioni. Nilisema tuna nafasi. Nilikaa jana nikanywa chai.

Basi. Hatungoji kesho. Leo saa kumi jioni shuka ziwani na wanawake. Askari wa pande zote wanahesabu vichwa, wangapi wameshuka na wangapi wamepanda. Hawaangalii sura. Amandine msaidizi wangu unamjua, watoto wake wako huko Songo kwa dada yake, hajawaona tangu Jumapili. Yeye atapanda na wenu, weye utapanda na wetu. Hesabu itabaki ile ile. Amekubali kabla sijamaliza kusema.

Beba bidoni ya lita tano, tupu. Kikwembe chako kitakuwa kimelowa, usione haya. Waangalie wanawake wote wanaotoka ziwani: nani ana kikwembe kikavu? Hakuna atakayekuuliza. Joto likizidi, jifute kwa maji baridi. Tembea polepole, mshike Libérate mkono. Mtoto akiacha kucheza kabisa, usingoje saa kumi, toka hapo hapo na kitambaa cheupe, litakalokuwa na liwe. Mama mukwe asikuzuie. Mwambie simlaumu.

Mama


Bujumbura, Jumapili 10 Novemba 2002

Mama yangu mpenzi,

Yambo sana. Unaendeleaje huko? Maternite haijavunjwa? Mguu je? Sisi tumefika salama kwa shemeji wa Osée, wote wanne, mama mukwe pia, na ngazi yake ya kumfungia mwanawe ameiacha Songo. Osée bado anaongea kwa kunong'ona, mazoea ya plafo. Amandine wetu mdogo ananyonya hadi anatoa jasho, na alama za sindano zako za siku saba zimekauka. Yule Amandine mkubwa umpe salamu, umwambie jina lake liko kwa mikono salama.

Mama, tangu siku ile hatujakaa tukaongea. Ulikuwa unakimbia kati ya vitanda, halafu njia ikafunguka tukaondoka haraka. Kuna mambo hukuyaona. Wakati wa kushuka, kikwembe changu kilikuwa kimelowa wakati wengine bado wakavu. Askari mmoja alinikodolea macho. Libérate akanimwagia kikombe cha maji ya kunywa, akanitukana kwa sauti: «Mvivu weye, kila siku kunichezea!» Askari akacheka. Uchungu wa kwanza ulinikamata pale ziwani, maji yakiwa magotini. Niliuma mkono wa bidoni. Amandine akapita karibu yangu, akashika njia ya Songo, nami nikashika yenu. Nilisikia wakihesabu nyuma yangu: kumi na nne, kumi na tano. Sikugeuka.

Halafu nikakuona. Njia nzima nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi yako. Weye ukachukua bidoni yangu na kusema tu: «Umefanya vizuri kuja.» Sijawahi kukusikia ukimwambia muntu maneno hayo. Niliogopa zaidi, nikadhani nakufa. Mama, ulikuwa umekasirika au hapana? Niambie, sasa niko mbali.

Na uvuke uje. Nafasi ipo. Nani amekufunga huko?

Mtoto wako,
Laure


Rugenge, Jumatatu 2 Desemba 2002

Laure mwanangu,

Salamu kwako, kwa Osée, kwa mama mukwe na kwa mjukuu wangu. Usimfunike sana, Bujumbura kuna joto. Huku tuko. Askari wamebadilika, bariera ni ile ile, sasa wanataka karatasi hata kwa kwenda sokoni. Sitavuka. Mkunga mwenzangu alikimbia Novemba, na nikiondoka minye anabaki Amandine peke yake. Hakuna aliyenifunga, lakini sitoki.

Umeuliza kama nilikasirika. Nilikasirika kweli. Kutwa nzima ile nilipanga maneno ya kukupokea, nilikuwa nayo mdomoni. Halafu saa tisa nilifungua tena barua yako, nikasoma: nilikuogopa. Nikawakumbuka wengine. Mwaka jana alikuja mama mmoja, akasema maji yametoka asubuhi hiyo. Nilimwamini, nikahesabu kutoka hapo. Yalikuwa ya siku tatu. Mtoto hakuishi. Nilimwita mwongo mbele ya watu wote. Leo ningempata ningempigia magoti. Miaka ishirini na sita nawafokea wanawake ili wawahi, kumbe nilikuwa nawafundisha kuficha. Umenifundisha weye, nusura ufe. Naumia, mwanangu. Nisamehe.

Wiki iliyopita aliteremka mama mmoja kutoka Rurambo, mimba ya kwanza, miguu imechubuka, amelala njiani mara mbili. Maji yametoka, uchungu hakuna. Amandine akanitazama, anangoja nilipuke. Nikamwambia: «Umefanya vizuri kuja, mama. Kaa.» Nikampa uji. Alipomaliza ndipo nikamuuliza maji yalitoka saa ngapi.

Akaangalia mlango. Halafu akaniangalia usoni.

«Juzi», akasema. «Juzi, jua likizama.»

Nikaenda kabatini kuchukua dawa.

Mama yako anayekupenda,
Félicité