Mboga Inayokunywa Kafubu

Jumatatu, 6 Oktoba
Tena mutoni na Mama, kabla ya masomo. Yeye anamwagilia lengalenga, mchicha wetu, mimi naosha mafungu ya soko kwa maji ya Kafubu, muto unaopita kwa viwanda vya madini, ili majani yang'ae. Povu la kahawia. Tope linanuka betri kuukuu. Mikono yangu pia, mpaka darasani. Naificha chini ya meza.

Madame wa jiografia amenipa exposé, kazi ya kusomea darasa: muto Deûle, kaskazini ya Ufaransa. Kusimama mbele ya bantu. Heri malaria.

Jumatano, 8 Oktoba
Nilidhani mito ya Ulaya iko safi. Wapi! Deûle inatoka nchi ya makaa ya mawe, inapita Lille, inaingia muto Lys karibu na Ubelgiji. Wameinyoosha kama mufereji, mashua za mizigo zipite. Kiwanda cha kuyeyusha madini kando yake kilifungwa zamani. Madini ya risasi na zinki bado yamelala katika tope.

Na hii: mboga inavuta sumu kwa mizizi. Kuosha jani hakuitoi.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimesoma kwa sauti ya panya. Trésor, jirani yetu, akanyoosha mukono kwa adabu ya uongo: "Na lengalenga ya mama yako, inakunywaka Deûle gani?" Bote wakacheka. Madame pia, kidogo. Namuchukia. Namuchukia zaidi kwa sababu iko na haki.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimekataa kula lengalenga. Mama akauliza tangu lini ninachagua. Nikamwambia yote, naangalia miguu yangu. Hakugomba. Jioni akalima tuta dogo nyuma ya nyumba, la kumwagilia maji ya kisima. Hili ni la kwetu, akasema. Ya mutoni ni ya soko.

Nilifurahi kidogo. Halafu nikaelewa.

Jumamosi, 8 Novemba
Sokoni. Mama mumoja muja muzito akashika fungu, akasifu linavyong'aa. Akaniuliza mimi kama ni tamu. Sijui sauti ilitoka wapi.

"Mama, sisi wenyewe hatukulake hii."

Akarudisha fungu. Mama yangu alisikia. Wauzaji wa kando pia.

Jumapili, 9 Novemba
Mama ameamka bila kuniita. Amevuna tuta la nyuma ya nyumba, mara ya kwanza, akapika na karanga. Sahani yangu alijaza kuliko ya wadogo zangu. Nimekula. Mulangoni, beseni la soko la kesho limeshajaa lengalenga ya mutoni, limefunikwa na kitambaa kilicholowa.