Nilimtoa Shemeji Nje na Nusu Kichwa

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada na naomba usicheke, maana kila niliyemweleza amecheka kwanza ndipo akanipa pole. Mimi ni kinyozi, nina mke, mtoto mmoja na kibanda chenye kioo kimoja na kiti kimoja, na hicho kiti ndicho kilichoniponza. Ng'ambo ya barabara wamefungua saluni yenye viti vya kuzunguka na wateja wangu wananipungia mkono wakienda huko, kwa hiyo nilikuwa na donge langu moyoni, sasa Jumamosi akaja shemeji, kaka wa mke wangu, nimnyoe kwa sababu jioni alikuwa anakwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake, nikamfunga kitambaa shingoni, nikaanza upande wa kulia, nimefika katikati ya utosi akajigeuzageuza akasema, "Shem, kusema kweli hiki kiti chako kimenichosha," basi sikungoja, nilizima mashine nikamwambia kama kimekuchosha nenda kakalie vya kuzunguka, na kama hiyo haitoshi nikaapa mbele ya wateja kwamba mkono huu hautanyoa tena kichwa chochote chenye damu ya ukoo wenu, nikamvua kitambaa nikamtoa nje.

Hasira haijanishuka vizuri, mkokoteni ukasimama mlangoni na kiti kipya cha kuzunguka juu yake. Msukumaji akaniambia ni zawadi kutoka kwa shemeji yangu, na kwamba shemeji alitaka anipe habari kwa mdomo wake mwenyewe.

Kumbe huko shemeji amekuta foleni ya saluni imefika nje na muda umemwishia, akaazima kofia akaenda nayo ukweni, ikafika wakati wa sala na baba wa binti akasema wanaume tuvue kofia. Sasa uchumba umesimama. Mzee anasema wachunguze kwanza kama ukoo wa kijana una ugonjwa wa akili.

Mke wangu anazungumza nami kwa kupitia mtoto tu. Nilipotaka kumnyoa huyo mtoto, mama yake alinishika mkono, hapo ndipo akafungua kinywa: "Huyu nusu ya damu yake ni ya ukoo wetu. Utamnyoa nusu?" Mtoto wa kinyozi ana nywele mpaka masikioni, na mwalimu wake ameshauliza kama bado nina kazi. Mbaya zaidi, Jumapili ni zamu yangu kufundisha kikundi cha maandiko, na mada niliichagua mwenyewe, kuzuia ulimi. Nijifanye naumwa, au niuze kibanda nihame?

Ni mimi, Mwenye Mashine Iliyozimwa.

Jibu

Mwenye Mashine, pole sana. Nimecheka, nisamehe, lakini nimecheka baada ya kusoma barua yako mpaka mwisho, na hapo ndipo tunapotofautiana mimi na wewe.

Yakobo ametuandikia tuwe wepesi wa kusikia, ila si wepesi wa kusema wala kukasirika. Wewe wepesi wote umeuweka mdomoni, masikio ukayaachia uzito. Petro naye alikurupuka na upanga akamkata mtu sikio, bahati yake Bwana alikuwa palepale akaliponya. Kibandani kwako ni nani angemrudishia shemeji nywele kabla ya jioni?

Na hicho kiapo usikifanye kitakatifu. Yeftha aliapa kwa pupa kabla hajajua nani atamtokea mlangoni, na aliyelipa ni mtoto wake. Wako anakulipia shuleni. Piga magoti, umwambie Mungu kwamba uliropoka, kisha mnyoe mtoto leo, kichwa kizima. Habari za kujifanya unaumwa na kuhama sitaki kuzisikia, maana huko nako ni kukurupuka.

Kesho mwite shemeji kibandani, na mkeo awepo. Mwambie hivi: "Shem, ulikuwa unasema kiti kimekuchosha. Endelea." Halafu nyamaza. Akifoka, nyamaza. Akirudia yale yale, nyamaza vilevile, hayo ni maneno aliyokuwa nayo tangu Jumamosi. Akimaliza, muombe radhi bila kuingiza habari za saluni ya ng'ambo.

Kisha wewe ndiye ukae kwenye kile kiti kipya. Mpe mashine, akunyoe upande wa kulia mpaka katikati ya utosi, azime. Najua mdomo utakuwasha. Ufumbe.

Mkitoka hapo vaa kofia, nenda naye kwa baba wa binti. Ukifika, vua kofia kabla hujaambiwa, umweleze mzee kwamba kijana hana ugonjwa wowote, mgonjwa ni shemeji yake, na ugonjwa wenyewe ni hasira. Hatakuuliza ushahidi.

Nywele zako usiziguse mpaka Jumapili ipite. Simama mbele ya kikundi na kichwa hicho hicho, usome ule mstari wa Yakobo, ukae chini. Somo watakuwa wameshalielewa.