Tulikupitisha Mjini, Wafula

Wafula ndugu yangu,

Nimeketi juu ya mfuko wa simiti huku Nairobi. Tumemaliza kumwaga zege ya orofa ya tatu na mgongo umekataa kunyooka. Shule niliiacha darasa la sita, unajua, kwa hivyo usicheke mwandiko. Nataka kukueleza safari yako ya mwisho, kwa sababu ulikuwa ndani ya sanduku na hukuona chochote.

Kifua kilipokumaliza, baba yako alikuja Kitale na pikapu. Alitaka utoke mochari moja kwa moja hadi kwenu Myanga uzikwe mapema. Sisi wenzako wa boda, wa kubeba abiria kwa baiskeli, tulikuwa tumezifunga matawi. Tukamwomba akupitishe kwanza nyumbani kwako uage, kama wanavyopitishwa marehemu wote wa kwetu. Mzee akatuangalia.

"Nyumbani gani? Huyu alikuwa anakodisha chumba. Hana boma hapa, hana hata mti. Ataaga nini?"

 Nikaona kweli utatolewa mjini kama gunia la mahindi. Nikamwambia, "Mzee, boma yake ni hii mji. Hakuna mgeni alibebwa na Wafula akafika kwenye anaenda kabla aonyeshwe Kitale."

Si ni kweli? Mtu anataka kwenda sokoni, wewe unampitisha makumbusho, ati nyoka wa pale wamesoma, hawaumi mtu bila ruhusa ya mkubwa wao. Na yule mama wa Cheptais aliyekupiga mwavuli? Anaharakisha kumwona mgonjwa, na wewe umemsimamisha kwenye maghala ya mahindi, unamwambia hakuna marefu kama haya mpaka Uganda. Nilimsimulia mzee hiyo ya mwavuli. Alicheka kidogo, halafu akafuta uso kwa kofia.

"Mpitisheni basi. Lakini mbio."

Tukakupitisha. Baiskeli mbele, kengele zikilia, pikapu nyuma. Kwenye lango la makumbusho askari alivua kofia. Kwenye maghala, wapakuaji waliweka magunia chini, na wale hata tajiri wao akipita hawaweki. Mwisho tukafika pale kwenye mwinuko, ulipokuwa ukimsimamisha kila abiria auone Elgon. Maneno yako yalikuwa mawili tu: mlima umeamka, au mlima umelala.

Siku hiyo mlima ulikuwa umelala. Mawingu matupu. Tukangoja. Dereva akaanza kunung'unika. Mzee akashuka, akasimama akitazama ukungu.

"Alikuwa anaonyesha watu nini hapa?"

Nikamweleza. Akarudi garini.

Nilisononeka njia nzima. Niliona tumekutoa Kitale bila wewe kuaga kile ulichokipenda kuliko vyote.

Tulikuzika vizuri, watu walijaa. Asubuhi yake, sisi tuliolala matangani tulikuwa bado tunaota moto, baba yako akaniita nyuma ya jikoni, karibu na kaburi lako.

"Kuja uone."

Elgon ulikuwa wazi wote, bila wingu, ila ni upande mwingine, ule ambao Kitale hatuuoni.

"Ndio hii?"

"Ndio hii, mzee."

"Hii mlima amezaliwa akiiona. Kumbe alienda mpaka Kitale kuonyesha watu mlima yetu." Akaligeukia kaburi. "Wafula, imeamka."

 Nilirudi kwenye moto.

Tangu uende, pikipiki zimeingia Kitale na abiria wetu wamezihamia. Zinapita mbio, hakuna mgeni anayeonyeshwa chochote. Mzee aliniachia baiskeli yako, na kengele nimeifungua nikaja nayo huku. Nikipanda juu ya jengo asubuhi naona mabati tu, mabati mpaka macho yachoke. Hapo ndipo ninakukumbuka zaidi. Ungekuwepo, ungepata hata hapa kitu cha kumwonyesha mtu.

Pumzika, ndugu yangu. Krismasi nikipewa ruhusa nitashukia Kitale kwanza, nisimame pale kwenye mwinuko. Halafu nitakuja Myanga nikuambie kama upande ule wa Kitale nao umeamka.

Mwenzako wa chumba,
Barasa