Baba wa Kukodi

Jumatatu, 4 Machi

Picha mia sita na kumi na mbili. Tangazo la godoro: baba, mama, mtoto, asubuhi. Mteja anataka moja tu, kabla ya saa sita mchana Ijumaa. Bango kubwa la barabarani, miaka miwili.

Nimeanza kwa kutupa waliofumba macho. Kazi ya kufagia, haihitaji akili. Zimebaki mia mbili.

Mama wa kwenye picha ni mke wangu. Mtoto ni binti yetu, Bi Mdogo. Mteja aliona picha yao ukutani hapa studio, akawataka hao hao. Baba akatafutwa kwingine, maana mimi niko nyuma ya kamera. Mteja hajui kwamba hii ni wiki ya tatu silali nyumbani. Nalala hapa hapa, juu ya godoro lake. Zuri, siwezi kulisema vibaya.

Mke wangu alikubali kwa shingo upande. Bi Mdogo alishalitangazia darasa zima.

Namba 318: Baba wa Kukodi kasema jambo, mke wangu anacheka mpaka gego linaonekana. Mwaka mzima sijaliona gego hilo. Nilidhani itaniuma. Wapi. Nikaipa nyota tano, nikaenda kunywa chai.

Jumanne, 5 Machi

Zimebaki kumi na mbili. Shingo inauma, moyo hauumi. Ganzi tupu.

Nimezituma kwa Bibi Masoko, yule wa kampuni ya godoro anayeamua. Kumbe nimetuma folda nzima — mtu mzima hovyo. Ndani mlikuwa bado na picha za kupimia mwanga.

Jumatano, 6 Machi

Bibi Masoko kapiga simu kabla sijapiga mswaki. Kashapata yake. Namba 31.

Namba 31! Siku ile Baba wa Kukodi alichelewa. Taa tayari, ikabidi mtu akae mahali pake nipime mwanga. Nikakaa mimi, kamera ikapiga yenyewe. Fulana ya kazi, ndevu za siku nne. Bi Mdogo kanilalia begani, mke wangu upande wa pili.

Bibi Masoko anasema huyo baba ana uchovu wa kweli, ukimwona tu unataka kumnunulia godoro. Nikamwambia ni mimi. Akacheka sana. Basi ndiyo hiyo hiyo, akasema, familia halisi, tutafute nini tena? Nimpelekee fomu ya ridhaa yenye sahihi ya mama. Ila kama mimi mpiga picha naona nyingine ni bora, nimwambie, ananiamini.

Nilipaswa kumweleza mambo ya nyumbani. Mdomo ukawa mzito. Na kusema kweli, nilifurahi. Nusu saa hivi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda nyumbani na fomu. Nimebisha hodi kwenye mlango ambao kitasa chake nilikitia mwenyewe.

Mke wangu aliitazama 31 kwenye simu, muda mrefu, uso mkavu. Hakufoka, afadhali angefoka. Akasema hawezi kupita chini ya picha hiyo kila asubuhi akimpeleka mtoto shule, watu wakimpongeza kwa ndoa nzuri. Nikamwonyesha 318. Hapo akanipa kisogo, akaanza kupanga vyombo vilivyokwisha kupangwa.

Bi Mdogo, mkate tele mdomoni: "Baba, kwenye bango nitakuwa na baba yupi?"

Mama yake akamwambia ameze kwanza. Alipomaliza kumeza, mama yake akamwongezea chai. Nimerudi studio na fomu tupu.

Ijumaa, 8 Machi

Wamekuja wenyewe, saa nne na nusu. Bi Mdogo ana mafua, hakwenda shule. Mke wangu kavuta kiti changu, kakaa mbele ya kompyuta, kataka nimwonyeshe zote mbili, kubwa, pamoja.

Nimezivuta mpaka mikono ikajaa kwenye kioo cha kompyuta. Kwenye 31 ameshika ukingo wa godoro, vidole vimekaza, kama yuko foleni kwa daktari. Kwenye 318 mkono wake umelala wazi juu ya shuka.

Akaniuliza: "Kwa macho ya kazi, acha mengine. Ipi nzuri?"

Ningeweza kudanganya. Mteja alishachagua, ilikuwa kukaa kimya tu.

"Hii," nikasema. 318.

"Kwa nini?"

"Hapa umepumzika. Mimi nikiwa pembeni yako hupumziki. Nimeliona tangu mwaka jana, nikajifanya silioni."

Hapo ndipo ilipouma. Nilidhani ganzi itanifikisha mwisho.

Karudi kwenye 31, kaivuta upya, safari hii kwenye uso wangu. Anautazama mpaka sasa. Mimi nimejidai natafuta waya, naandika hapa kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Namsikia Bi Mdogo akiuliza kama avue viatu kabla ya kupanda godoroni.

Saa tano na dakika arobaini. Fomu iko mezani, kalamu anayo yeye, hajasaini popote. Simu yangu inaita huko — lazima ni Bibi Masoko. Nimesema naja kuipokea.

"Mwache huyo kwanza," mke wangu kaniitikia. "Njoo ukae hapa pembeni yangu."